Wasomaji Wanauliza: Kabla Hujakaa Chini na Mtoto Kucheza

Barua za mwezi huu zote zinahusu tiba kwa njia ya mchezo, kazi ninayoifanya na watoto na ninayowafundisha wengine. Walioandika ni mwalimu, mama, muuguzi, mwanafunzi wa chuo kikuu na baba. Nimezifupisha, na nimeondoa chochote ambacho kingeweza kumtambulisha mtoto.

Cheti cha siku mbili kitanitosha?

*Shikamoo, Mama Mshauri. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nina mtoto ambaye haongei shuleni tangu afiwe na mama yake, na mwingine anayewapiga wenzake bila sababu ninayoiona. Nimekuta tangazo la mafunzo ya siku mbili kwa njia ya intaneti, na ukimaliza unapewa cheti cha "mtaalamu wa tiba ya mchezo". Nataka kujiunga ili niwasaidie hawa watoto. Unanishauri nini?*

Marahaba, mwalimu. Kwanza ahsante kwa kumwona mtoto asiyeongea. Mtoto anayepiga huonwa na kila mtu, lakini aliyenyamaza anaweza kumaliza mwaka mzima akisifiwa kwa utulivu.

Jiunge na mafunzo hayo ikiwa unataka kujua fani hii inahusu nini. Ila usikubali cheti hicho kikuite mtaalamu, na usimfungie yule mtoto aliyefiwa kwenye chumba chenye midoli ukisema unamtibu.

Anayetazama kwa nje huona mtu mzima amekaa sakafuni, mtoto anacheza, na kati yao maneno machache. Hufikiri kazi hii yaweza kufanywa na yeyote mwenye moyo mwema. Hayo maneno machache ndiyo yanayochukua miaka kuyajifunza. Mtoto akiokota kigari, mwanafunzi wangu mpya husema, "Umechukua gari!" Mimi humwomba aseme tu, "Umechagua hicho." Kwa sababu mkononi mwa mtoto huenda hicho si gari. Huenda ni jeneza, huenda ni baba anayeondoka nyumbani usiku. Ukishakipa jina, mtoto aliyelelewa kuwaheshimu wakubwa atalipokea jina lako, na alichotaka kukuonyesha atakirudisha moyoni. Akikuuliza, "Hiki ni cha nini?" unamrudishia uamuzi: "Humu ndani kinaweza kuwa chochote unachotaka wewe."

Akiinua upanga wa plastiki akupige, humkaripii wala humbembelezi. Unataja anavyojisikia, unaweka mpaka, kisha unamwonyesha njia nyingine: "Naona umenikasirikia sana. Mimi si wa kupigwa. Yule mdoli mkubwa unaweza kumpiga." Hatua hizi tatu zimefundishwa kwa miaka mingi na Garry Landreth wa Chuo Kikuu cha North Texas huko Marekani, na kuzikariri ni kazi ya dakika chache. Kuzitamka kwa sauti tulivu wakati upanga uko hewani na mwili wako wote unataka kukimbia au kukemea, hilo halikaririki.

Ndiyo maana vyama vinavyosimamia fani hii huweka masharti mazito. Association for Play Therapy, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1982, humtaka anayeomba kusajiliwa awe tayari ana shahada ya uzamili katika fani ya afya ya akili pamoja na leseni ya kazi. Juu ya hapo anasoma saa 150 za tiba ya mchezo, anahudumia watoto kwa saa 350 chini ya uangalizi, na anakaa na msimamizi wake saa 35. Nchi nyingine zina vipimo vyao, lakini sijaona chama makini kinachomsajili mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtazama akifanya kazi.

Kwangu mimi saa za msimamizi ndizo roho ya mafunzo. Unarekodi kikao kwa video, kwa ridhaa ya mzazi na ya mtoto, halafu mnakitazama pamoja kipande kwa kipande. Msimamizi aliyenifunza alikuwa na swali moja alilolirudia kila aliposimamisha video: "Hapo ulikuwa unamjibu mtoto, au unaituliza hofu yako?" Sasa nami nawauliza wanafunzi wangu hivyohivyo. Wengi hugundua kwamba waliposema "Usilie, mambo yatakuwa sawa", mtoto hakuwa analia. Walioshindwa kuvumilia huzuni ni wao. Mwenye msiba wake ambao hajaupatia nafasi atakutana nao kwenye chumba cha kuchezea, mbele ya mtoto, na msimamizi yupo ili hilo lisimwangukie mtoto.

Kwa hiyo ukitafuta chuo, waulize: anayefundisha bado anahudumia watoto hadi leo? Nitatazamwa nikifanya kazi, na nani? Baada ya kumaliza, msimamizi wangu atakuwa nani? Wakijibu kwa kukutajia rangi ya cheti, nenda kwingine.

Na yule mtoto wako asisubiri miaka hiyo. Zungumza na mlezi wake wiki hii, mtafute mwanasaikolojia au kliniki ya watoto. Darasani usimlazimishe kutoa sauti wala usimsimamishe mbele ya wenzake. Mpe kalamu za rangi, mpe kazi ndogo za kukusaidia, msalimie kwa jina kila asubuhi hata asipoitikia. Huo ni ulezi, na kwa ulezi huo umeshahitimu.

Binti yangu anamzika mwanasesere kila wiki

*Bi. Mshauri, salaam. Binti yangu ana miaka sita. Alikuwa ndani ya gari lililopata ajali na mjomba wake akafariki mbele ya macho yake. Nampeleka kwa mtaalamu wa tiba ya mchezo. Siku moja nilifika mapema nikaona kupitia dirishani: anamfukia mwanasesere kwenye mchanga, anamfukua, anamfukia tena. Mtaalamu hataki kuniambia mtoto anasema nini. Je, hii ni tiba kweli, au wanamkumbusha yale tunayotaka ayasahau?*

Pole sana, mama, kwa msiba na kwa kumbeba mtoto aliyeuona.

Hakuna anayemkumbusha. Ajali anayo tayari, anaamka nayo na kulala nayo. Mtoto wa miaka sita hana maneno ya kusema "niliogopa, sikuweza kumsaidia, na huenda ni kosa langu kwa kuwa nilikuwa napiga kelele nyuma." Mikono yake inayo namna ya kulisema. Mwanasesere ni mdogo kuliko yeye, na mchanga unamtii. Kwenye ajali hakuwa na uwezo juu ya chochote. Hapo anaamua nani afukiwe, nani atoke, na lini.

Hata hivyo swali lako lina msingi, na sitaki kulipita juujuu, kwa sababu mchezo wa aina hii una pande mbili. Mwaka 1976, kwenye mji wa Chowchilla jimboni California, watoto 26 na dereva wa basi lao la shule walitekwa na kufungiwa ndani ya trela lililofukiwa ardhini. Walijichimbua wakatoka wote wazima. Lenore Terr, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, alizungumza nao, na akawarudia tena miaka minne baadaye. Jambo moja alilolieleza ni mchezo unaojirudia bila kuleta nafuu: mtoto anaigiza tukio lilelile, kwa uso uleule mkavu, mwisho uleule, na anainuka akiwa na hofu kama alivyokaa, au zaidi.

Kwa hiyo marudio peke yake hayaniambii kitu. Ninachokitafuta nikiwa chumbani ni badiliko, hata liwe dogo. Je, safari hii ametokea mtu wa kumfukua mwanasesere, daktari, mbwa, dada? Anamfukia kifudifudi kama zamani, au sasa anamwekea kitambaa? Anapumua vipi? Je, amenitazama? Kuna mtoto aliyefukia kwa wiki nyingi, halafu siku moja akaniwekea kijiko mkononi. Hakusema neno. Alitaka nami nichimbe, na kuanzia hapo hakuwa peke yake kwenye lile shimo. Mchezo ukiganda, mtaalamu aliyefunzwa haendelei kutazama tu. Ataleta kwa uangalifu kitu kipya, pengine gari la wagonjwa, pengine swali kwa niaba ya mwanasesere: "Sijui yeye huko chini anahitaji nini."

Sasa kuhusu usiri. Maneno na michezo ya binti yako ni yake, ila wewe mzazi hufai kuachwa gizani. Una haki ya kukaa na mtaalamu kila baada ya muda mkaongea, akakueleza mambo makubwa anayoyaona (hofu, hasira, kujilaumu) bila kukusimulia kikao kizima. Na kukiwa na hatari yoyote kwa mtoto, usiri unakoma. Mtaalamu yeyote mwadilifu hulisema hilo siku ya kwanza. Mkikutana, badala ya "amesema nini?" muulize: mchezo wake umebadilika vipi tangu aanze? Utajuaje kwamba anapata nafuu? Nani anakusimamia wewe? Majibu ya maswali hayo matatu yatakutosha kujua uko mikononi mwa nani.

Mkirudi nyumbani, usimhoji njiani. Ukimwuliza "leo umecheza nini?", wiki ijayo atacheza kile kinachoweza kusimuliwa. Mwambie tu umefurahi kumwona.

Wodini naruhusiwa?

*Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Huwa nawapa mdoli na bomba la sindano lisilo na sindano kabla ya kuwachoma. Je, nafanya tiba ya mchezo bila ruhusa?*

Hapana, na tafadhali endelea. Unachokifanya ni kumwandaa mtoto kwa tukio la kitabibu, na kina thamani kubwa: anaona vifaa, anavishika, anamchoma mdoli kabla hajachomwa yeye. Mwambie ukweli tu, kwamba itauma kidogo na itaisha. Mpaka wako uko hapa: mchezo ukianza kufunua jambo lisilohusu sindano, kwa mfano mdoli anavuliwa nguo na kutishwa, usichimbe, usiulize maswali ya kumwongoza. Andika ulichokiona kwa maneno yake mtoto, na umjulishe anayehusika na ulinzi wa watoto hapo kazini siku hiyohiyo.

Msimamizi wangu anasema hii si sayansi

*Shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamili katika ushauri nasaha na nimependekeza tasnifu kuhusu tiba ya mchezo. Msimamizi wangu anasema hakuna ushahidi, na mimi nina watoto wachache tu ninaoweza kuwafikia. Niache?*

Marahaba. Usiache, lakini usimjibu msimamizi wako kwa ushabiki. Mjibu kwa kazi zilizopo, na umweleze udhaifu wa kazi hizo kabla hajautaja yeye.

Fani hii ilianza na simulizi za mtoto mmoja mmoja. Melanie Klein na Anna Freud, waliowatibu watoto kwa uchambuzi wa nafsi, walibishana vikali kuhusu maana ya mchezo wa mtoto, na kila mmoja alitetea hoja yake kwa watoto aliowatibu mwenyewe. Virginia Axline, aliyefuata mawazo ya mwanasaikolojia Carl Rogers, aliweka misingi minane ya kazi hii katika kitabu chake cha mwaka 1947, na hadi leo tunaifundisha: mpokee mtoto alivyo, usimharakishe, mwache aongoze, weka mipaka ile tu inayohitajika. Misingi mizuri sana. Lakini uzuri wake hauthibitishi kwamba mtoto anapona.

Uthibitisho ulianza kupata nguvu tafiti zilipokusanywa na kuchambuliwa kwa pamoja. Mwaka 2001 LeBlanc na Ritchie waliunganisha tafiti 42 wakapata ukubwa wa athari, yaani kipimo cha tofauti kati ya watoto waliotibiwa na wasiotibiwa, wa 0.66. Mwaka 2005 Bratton na wenzake walikusanya 93 wakapata 0.80. Maana yake, mtoto wa wastani aliyetibiwa alikuwa na hali nzuri kuliko takriban watoto 79 kati ya 100 wasiotibiwa. Kisha mwaka 2015 Lin na Bratton walichagua tafiti 52 zenye masharti makali zaidi, zote za tiba inayomwachia mtoto aongoze, na athari ikawa 0.47.

Wapo wenzangu wanaopenda kuitaja ile 0.80 na kunyamazia 0.47. Mimi naipenda zaidi hii ya pili. Imeshuka kwa sababu maswali yamekuwa makali, na bado imesimama juu ya sifuri kwa umbali wa kuheshimika. Mpelekee msimamizi wako zote tatu.

Halafu kubali anapokosoa, maana tafiti nyingi za zamani zina watoto wachache, hazisemi mtaalamu alifanya nini hasa chumbani, na zinategemea dodoso lililojazwa na mzazi anayejua mtoto wake anatibiwa. Mzazi huyo amebeba matumaini, na matumaini huvuta kalamu. Kazi yako inaweza kuziba mianya hiyo hata ukiwa na watoto wanne. Tumia muundo wa mtoto mmoja mmoja: mpime kila mtoto mara kadhaa kabla ya kuanza, ili tujue hali yake ikoje bila tiba, uendelee kumpima wakati wa tiba na baada yake, na uwaanzishe kwa nyakati tofauti. Ikiwa kila mmoja anabadilika pale tu tiba yake inapoanza, si kabla, una hoja nzito kuliko dodoso moja lililogawiwa watoto thelathini mwanzoni na mwishoni.

Chagua kipimo kinachojulikana. Dodoso la Robert Goodman la mwaka 1997 kuhusu uwezo na matatizo ya mtoto (SDQ) lina vipengele 25 na lina fomu ya mzazi na ya mwalimu. Mpe mwalimu asiyejua ni mtoto gani ameanza tiba, na kabla ya yote hakikisha tafsiri unayoitumia imejaribiwa kwa watoto wanaofanana na wako. Rekodi vikao, umpe mtu mwingine aliyefunzwa akague baadhi ili athibitishe kwamba ulichokiita tiba ya mchezo ndicho ulichokifanya. Sehemu hii wanafunzi huiruka kwa sababu inachosha. Usiiruke, kwa kuwa bila hiyo hatujui umepima nini.

Jambo la mwisho kwako, nalo nalishikilia kwa nguvu. Saini ya mzazi haitoshi. Mtoto naye aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba unajifunza jinsi watoto wanavyocheza, kwamba kuna kamera, na kwamba anaweza kukataa bila kumkasirisha yeyote. Akigeuzia kamera mgongo kila wiki, amekujibu. Mtoe kwenye utafiti, uendelee kumtibu.

Baba naweza?

*Mama Mshauri, mimi ni baba wa mvulana wa miaka mitano. Mtaalamu ameniambia nijifunze kuendesha vikao vya mchezo nyumbani mimi mwenyewe. Nahofia nitaharibu. Si kazi ya wataalamu hiyo?*

Amekushauri vizuri, na hajakutupia kazi yake. Mwanasaikolojia Bernard Guerney aliandika kuhusu njia hii mwaka 1964: badala ya mtaalamu kumtibu mtoto, anamfundisha mzazi na kumsimamia. Landreth na Bratton baadaye waliipanga katika mikutano kumi ya mafunzo. Na katika ule uchambuzi wa 2005 niliomtajia mwanafunzi hapo juu, watoto waliohudumiwa na wazazi waliofunzwa walionyesha athari ya 1.15, wakati waliohudumiwa na wataalamu walionyesha 0.72. Sishangai. Mimi namwona mwanao mara moja kwa wiki na siku moja nitaagana naye. Wewe huagani naye.

Ila umesikia neno *waliofunzwa*. Nenda kwenye mikutano yote, rekodi vikao vyako, kubali kutazamwa na wazazi wenzako. Utaanza na dakika thelathini mara moja kwa wiki, siku ileile, mahali palepale, na midoli ya kikao ikae kwenye sanduku lake isichanganywe na ya kila siku. Familia ya wanasesere, wanyama wakali na wapole, vyombo vya jikoni vya kuchezea, bandeji, udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi, upanga wa plastiki. Vitu vya betri vinavyocheza vyenyewe viache. Simu iwe chumba kingine.

Katika hizo dakika thelathini usifundishe, usisahihishe, usiulize maswali, na usisifu. Kutosifu ndiko kunakowashinda akina baba wengi, kwa sababu wamezoea kusema "hodari!" Akijenga mnara, sema unachokiona: "Umeupanga mpaka juu, na umeupanga mwenyewe." Akiubomoa, sema hivyohivyo kwamba ameamua uanguke. Akikupa kazi ya kuwa simba, muulize kwa kunong'ona simba afanye nini, ufanye analotaka yeye. Zikibaki dakika tano mwambie, na muda ukiisha simama hata kama analia. Nje ya kikao, endelea kuwa baba wa kawaida mwenye sheria zake na sifa zake.

Vikao vya mwanzo atakujaribu aone kama umebadilika kweli. Atakuuliza mbona unaongea hivyo. Mjibu kwamba unajifunza namna mpya ya kucheza naye, kisha umrudishie sanduku achague.